Malezi ya Wachunguzi katika Mbulu na Hanang

Kazi ya uchunguzi ni kazi ya masikio na mikono kama ilivyo kazi ya akili, na kama uhunzi au useremala ina mafundi wake na wanagenzi wake. Mwanafunzi aliyekwisha pata shahada ya kwanza, akaendelea kutafuta uzamili na uzamivu, hujikuta ameingia katika uanagenzi mpya. Alizoea kuulizwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana; sasa hana budi kuuliza swali ambalo hata mwalimu wake hajui jibu lake. Vyuo vikuu vimelitambua jambo hili, na vingi vimeweka mafunzo maalumu kwa wanafunzi wa namna hii: jinsi ya kuandika pendekezo la uchunguzi, kutumia takwimu, kuomba fedha, kusema mbele ya wasikilizaji, kuchapisha makala, na kutafuta kazi baada ya shahada. Mafunzo hayo aghalabu hutolewa chumbani kwa siku moja au mbili, na mwisho wake mwanafunzi hupewa cheti. Lakini cheti hushuhudia kwamba mtu alikuwapo. Kama ustadi ulimwingia ni jambo jingine, nalo lahitaji ushahidi wake.

Ushahidi huo waweza kutafutwa mahali pengi, lakini ni mahali pachache katika Tanzania ambapo umekusanyika kama katika wilaya za Mbulu na Hanang. Nchi hii, iliyo katika Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, ina vilima na mabonde ya Wairaqw, ina Bonde la Yaeda wanakokaa Wahadzabe, na kusini ina nyanda za Basotu na Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, wanakochunga Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga ni ya Kiniloti. Kihadza ina sauti za kidoko na haijapatiwa ndugu wa hakika. Kinyaturu na Kinyiramba, zinazopakana nazo, ni za Kibantu. Kwa sababu hiyo nchi ya Mbulu na Hanang imewavuta wanavyuo kwa karibu miaka mia moja, na wengi wao walifika wakiwa wanagenzi. Historia ya malezi yao, ikipangwa kwa utaratibu, ina fundisho moja ambalo mwishoni lilipata hata kupimwa kwa hesabu.

Wa kwanza kutajwa ni wachunguzi wa lugha. Katika miaka ya 1930 Paul Berger, Mjerumani, alikusanya masimulizi ya Kiiraqw kutoka vinywani mwa wenyeji. Masimulizi hayo yalikaa muda mrefu kabla ya kuchapishwa; yalitoka kitabuni mwaka 1998 tu, baada ya Roland Kießling kuyatengeneza, na Kießling mwenyewe alikuwa amechapisha sarufi ya Kiburunge mwaka 1994. Katikati ya nyakati hizo alipita Wilfred Whiteley, jina ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalijua vema, kwani alikuwa Katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki wakati makao yake yalipokuwa Makerere. Mwaka 1958 Whiteley alitoa kijitabu juu ya Kiiraqw kilichochapishwa na Chuo cha Uchunguzi wa Jamii cha Afrika ya Mashariki, kilichokuwa hapo hapo Makerere. Chuo hicho ndicho kilichokuwa kitalu cha wachunguzi wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950, kabla ya Dar es Salaam kuwa na chuo kikuu: Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963, na kusimama peke yake mwaka 1970.

Mwaka 1993 Maarten Mous wa Leiden alichapisha sarufi kubwa ya Kiiraqw, na mwaka 2002 yeye na Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza pamoja na Martha Qorro, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye Kiiraqw ni lugha yake. Mtu anayetazama orodha hii kwa haraka ataona vitabu tu. Akiitazama polepole ataona miaka. Kiiraqw kina sauti za kooni zinazofanana na ayn ya Kiarabu, kina sauti kama ile inayoanza jina la mji wa Tlawi, na kiimbo chake hubeba maana. Majina yake yana jinsia, na jina lililo la kiume katika umoja laweza kuwa la kike katika wingi. Mambo haya hayajifunzi kwa kusikia mara moja. Mwanagenzi hulisema neno, mwenyeji hucheka na kulisahihisha, hulisema tena, husahihishwa tena, hata siku ambapo hakuna anayecheka. Darasa la Ulaya humpa mwanafunzi alama za kuandikia sauti. Sikio la kuzitambua hupewa na watu wa Mbulu, na hupewa kwa kurudiarudia.

Tena kuna mambo ambayo mchunguzi hawezi hata kuyauliza mpaka awe amekwisha kuyaishi. Mfano wake ni kazi ya Alice Mitchell, aliyepata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, mwaka 2015, kwa kuchunguza mwiko wa majina miongoni mwa wanawake wa Kidatoga. Mwanamke aliyeolewa hatakiwi kuyataja majina ya wakwe zake, na wala mwiko hauishii kwenye majina yenyewe. Hufika kwenye maneno ya kawaida yanayofanana nayo kwa sauti, naye hana budi kutafuta maneno mengine ya kuziba pengo. Mgeni akiwaendea na orodha ya maneno, akamwuliza mmoja jina la kitu fulani, aweza kupewa neno moja. Akimwuliza mwenzake, akapewa jingine. Akarudi kwao akaandika kwamba lugha hii haina utaratibu. Aliyekaa jikoni na wanawake hao, akawasikia wakisema na watoto, na majirani, na mama wakwe, ndiye ajuaye kwamba utaratibu upo, na kwamba heshima ndiyo iliyoupanga. Hakuna semina iwezayo kumwonya mwanafunzi juu ya jambo ambalo mwalimu wa semina mwenyewe hajalisikia.

Kutoka kwa wanalugha inafaa kuingia kwa wanahistoria, maana kwao ustadi unaotakiwa ni wa namna nyingine: ustadi wa kutoamini upesi. Jina la Wairaqw lashabihi jina la nchi ya Iraki, na kwa muda mrefu palivuma habari kwamba watu hawa asili yao ni huko. Wengine waliandika kwa tahadhari, kama kisio. Waliofuata waliwanukuu bila ya tahadhari. Waliokuja baada yao walinukuu wale walionukuu. Mwaka 1998 Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway aliyesomea Bergen, aliandika makala mashuhuri ya kuonyesha jinsi kisio hilo lilivyogeuka kuwa hadithi inayoaminiwa. Alifuata nyayo za manukuu nyuma moja baada ya jingine, kama mchungaji afuataye nyayo za ng'ombe aliyepotea, akafika mahali ambapo nyayo zilikwisha na ng'ombe hakuonekana. Habari ilikuwa imepata nguvu kwa kurudiwa tu. Baya zaidi ni kwamba habari iliyovuma vitabuni hurudi kwa wenyeji wenyewe, nao wakaisimulia. Na mchunguzi mwingine akija, huiandika kama mapokeo ya wazee.

Mfano wa pili ni wa Lowe Börjeson, aliyetoa tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 2004. Wairaqw wa milima ya Mbulu wanajulikana kwa kilimo cha bidii: mbolea ya ng'ombe, matuta, na mifereji ya kutoa maji bondeni. Maelezo yaliyokuwa yamezoeleka ni kwamba walibanwa milimani kwa kuwaogopa Wamasai na majirani wengine, ardhi ikawa ndogo, na haja ikawafundisha kulima hivyo. Börjeson aliyapima maelezo hayo kwa ushahidi wa mashamba yenyewe, wa masimulizi na wa maandishi, akaona kwamba hayatoshi. Kilimo hicho kilijengwa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kwa kazi ya kawaida ya watu walioitengeneza ardhi yao, wala hakukuwa na lazima ya kuwaweka katika hali ya watu waliozingirwa ili kueleza akili yao. Hapa pana fundisho kwa kila mwanafunzi wa shahada za juu: maelezo mazuri ya kusimulia yaweza kuishi vitabuni miaka mingi kwa sababu hakuna aliyekwenda shambani kuyauliza.

Katika mlango huu wa historia lazima atajwe Yusufu Qwaray Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 2000, ilihusu maarifa ya wenyeji na matumizi ya mali ya asili katika nchi ya Wairaqw tangu mwaka 1900 hata 1985. Baadaye, mwaka 2007, alichapisha makala juu ya Operesheni Vijiji katika upande wa mashariki wa nchi hiyo, ya miaka 1974 hadi 1976. Wengi walikuwa wamekwisha kuandika juu ya operesheni hiyo wakihesabu nyumba na mavuno. Lawi aliuliza swali jingine: mtu anapohamishwa kutoka ukingo aliozaliwa, maarifa yake juu ya ardhi hiyo yanakwenda wapi? Swali la namna hiyo humjia anayejua kwamba kwa mkulima wa Mbulu kilima, kijito na kichaka vina majina na vina masharti, na kwamba elimu ya kuvitumia imeshikamana na mahali pake. Chuo cha ng'ambo kilimpa nyenzo. Swali lenyewe lilitoka katika nchi.

Hata hapa msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya wanavyuo wenyewe kwa wenyewe, na kwamba kosa la mchunguzi huumiza karatasi tu. Habari ya Basotu, katika Wilaya ya Hanang, yakanusha neno hilo. Kuanzia miaka ya 1970 serikali za Tanzania na Kanada zilishirikiana kuanzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda hizo. Mashamba saba yalifunguliwa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, nayo yalienea katika ardhi ipatayo ekari 100,000. Wataalamu waliokuja walikuwa watu wenye shahada. Walijua udongo, mbegu, mashine na mvua, na Watanzania walipelekwa Kanada kuupata ujuzi huo huo. Walichokiona katika nyanda hizo ni ardhi tupu. Majani yalikuwapo, na watu hawakuwapo.

Charles Lane, aliyekaa na Wabarabaig akichunguza malisho yao na kuchapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1996, alieleza kwa nini watu hawakuwapo. Wabarabaig walihamisha mifugo yao kwa majira. Kila namna ya malisho ilikuwa na wakati wake, na zile nyanda zenye rutuba zilizochukuliwa kwa ngano ndizo zilizokuwa bora kuliko zote, zikitunzwa kwa kuachwa wakati ufaao na kuliwa wakati ufaao. Utupu ulioonekana ulikuwa sehemu ya matumizi. Zaidi ya hayo, makaburi makubwa ya wazee wao, yaitwayo bung'ed, yalikuwa katika nyanda hizo, na mengine yalipitiwa na plau. Wataalamu hawakukosa elimu. Walichokosa ni ule uanagenzi wa kukaa mwaka mzima mahali pamoja, wakaona malisho yakijaa na kutoka watu, kabla ya kuandika katika ramani kwamba hapana mtu.

Shauri lilifika mahakamani. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji walilishtaki shirika, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Shirika lilikata rufani, na katika Mahakama ya Rufani wanakijiji walishindwa. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba ushahidi wa kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi haukutosha. Yafaa mwanachuo alifikiri jambo hili kwa makini. Wakati huo vitabu na makala juu ya Wabarabaig vilikuwa vimekwisha andikwa kwa Kiingereza, G. M. Wilson aliandika juu ya Wadatoga katika miaka ya 1950, na kitabu cha George Klima kilitoka mwaka 1970. Elimu ya kwamba watu hawa ni nani na wanaishi wapi ilikuwapo katika maktaba za dunia, ilhali wao wenyewe walipoihitaji mbele ya hakimu haikuwa mikononi mwao. Kujua jinsi ya kuyarudisha matunda ya uchunguzi kwa waliochunguzwa, kwa lugha wanayoisoma na kwa namna wanayoweza kuitumia, ni stadi kama stadi nyingine. Nayo katika orodha za mafunzo ya vyuo huja mwisho, ikija.

Mpaka hapa ushahidi umekuwa wa masimulizi, na mwenye shaka aweza kusema kwamba mafunzo mafupi yangefaa tu kama yangepangwa vizuri. Jibu la shaka hiyo lilitoka Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, karibu kilomita 300 kutoka mji wa Arusha. Hospitali ya Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, na sasa ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Baada ya muda ilikuwa pia mahali pa uchunguzi. Kuanzia mwaka 2009 ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani, na pekee katika Tanzania, vya uchunguzi mkubwa juu ya utapiamlo na maradhi ya kuhara kwa watoto wadogo, ambamo wasaidizi waliofunzwa walizitembelea nyumba mara mbili kwa juma tangu mtoto azaliwe. Katika wakati huo huo ulianza pale uchunguzi wa watoto wanaozaliwa bila ya kupumua, na wanafunzi wa uzamivu, Watanzania na Wanorway, walijifunzia kazi humo.

Uchunguzi huo wa pili ndio wenye jibu. Wasaidizi wa uchunguzi, watu wa mahali hapo, walifunzwa kukaa katika chumba cha kuzalia usiku na mchana, na kuandika wakati wa kila tendo tangu mtoto anapotoka. Hege Ersdal, daktari wa usingizi kutoka Norway, na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2012: kwa mtoto asiyepumua, kila nusu dakika iliyopita kabla ya kuanza kumpulizia hewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Basi jambo la kufanya lilionekana wazi. Wakunga na wauguzi wafunzwe, na mafunzo yalikuwa tayari: mafunzo ya siku moja, ya kutumia mwanasesere badala ya mtoto, ambayo yalikuwa yakienezwa katika nchi nyingi.

Mafunzo hayo yalitolewa Haydom mwezi wa Aprili 2010. Miezi saba baadaye wafunzwa walijaribiwa tena. Kabla ya mafunzo, katika jaribio la kumsaidia mtoto asiyepumua, ni asilimia 18 tu waliofaulu. Baada ya mafunzo walifaulu asilimia 74. Kwa chuo chochote hayo yangekuwa matokeo ya kujivunia, na taarifa ingefungwa hapo. Lakini kwa kuwa wale wasaidizi walikuwa wangali wakiandika katika chumba cha kuzalia, iliwezekana kuuliza swali ambalo waandaaji wa mafunzo huliuliza kwa nadra: je, kazi yenyewe ilibadilika? Haikubadilika. Watoto waliopuliziwa hewa hawakuzidi, na hata kule kuwasugua watoto ili waamke kulipungua. Mikono iliyofaulu juu ya mwanasesere ilifanya juu ya mtoto yale yale iliyozoea. Ersdal na wenzake waliyachapisha matokeo hayo mwaka 2013 bila ya kuyapamba, na uaminifu huo wenyewe ni sehemu ya malezi ya mchunguzi.

Hatua iliyofuata ilikuwa ndogo kwa sura. Tangu Februari 2011 mwanasesere aliwekwa pale pale penye kazi, na wakunga wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache kila juma, na marudio marefu kidogo kila mwezi, wakisahihishana. Hakukuwa na safari, wala ukumbi, wala cheti kipya. Estomih Mduma na wenzake waliulinganisha mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata, wakachapisha matokeo mwaka 2015: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto elfu moja hadi 7.2. Mchunguzi mwangalifu atasema kwamba kulinganisha kabla na baada hakuondoi kila sababu nyingine, na ni haki asema hivyo. Hata hivyo mambo mawili yamekaa bega kwa bega katika hospitali ile ile, kwa watu wale wale: mafunzo ya siku moja yalibadili mtihani na hayakubadili kazi, mazoezi mafupi yaliyorudiwa penye kazi yalikuja pamoja na mabadiliko katika kazi.

Sasa habari hizi zote zaweza kuunganishwa. Mwanalugha aliyesahihishwa mara mia, mwanamke mgeni aliyekaa jikoni na Wadatoga, mwanahistoria aliyefuata manukuu mpaka mwisho wa njia, na mkunga aliyeshika mwanasesere kila juma, wote walipata ustadi kwa njia moja: kwa kurudia, karibu na kazi yenyewe, mbele ya mtu awezaye kusahihisha. Na mtaalamu wa ngano wa Basotu, aliyekuwa na elimu nyingi, alikosa kitu hicho hicho kimoja. Kiswahili kimeiita shahada ya juu kabisa uzamivu, neno litokanalo na kuzamia. Mzamiaji hafunzwi pumzi kwa kuelezwa habari ya maji.

Hii haina maana kwamba mafunzo ya chuoni hayafai. Mwanafunzi asiyejua takwimu atapotea katika hesabu zake, na asiyejua kuandika atazikwa pamoja na matokeo yake. Chuo cha Nelson Mandela cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza kufundisha huko Arusha mwaka 2011, ni cha wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na hakiko mbali sana na Manyara. Chuo kilicho karibu namna hiyo kina nafasi ambayo Leiden na Bergen hazikuwa nayo: mwanafunzi aweza kwenda, akarudi kwa msimamizi wake, akasahihishwa, akaenda tena, ndani ya mwezi mmoja. Kwa mafunzo ya ustadi umbali mfupi ni mali.

Hata utaratibu wa vibali, ambao wanafunzi wengi huulalamikia, ni shule kwa ajuaye kuutumia. Kibali cha uchunguzi hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na anayechunguza afya hupata idhini ya maadili kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Barua hushuka mkoani, wilayani, katani, kijijini, na safari yake huishia kwenye mlango wa nyumba, ambako mwenye nyumba ana haki ya kukataa. Katika kila ngazi mwanafunzi hulazimika kueleza kazi yake kwa mtu asiye mwanachuo. Akiifanya safari hiyo kwa haraka ili apate mihuri, amepoteza muda. Akiifanya kwa subira, atakapofika kijijini atakuwa amekwisha kulieleza swali lake mara tano, na kila mara litakuwa limepata kuwa swali jema zaidi.

Lipo deni moja lililosalia. Wachunguzi waliotajwa hapa walisaidiwa na watu wa Mbulu na Hanang: waliosimulia, waliotafsiri, waliowapeleka malishoni, waliokesha katika chumba cha kuzalia na saa mkononi. Wengi wa wasaidizi hao walifanya uanagenzi ule ule, na baadhi yao waliujua ufundi kuliko wanafunzi waliowasaidia. Aghalabu majina yao huishia katika ukurasa wa shukrani, na kazi yao huisha fedha za uchunguzi zinapokwisha. Kamusi ya mwaka 2002 na makala ya mwaka 2015 yaonyesha kwamba mambo yaweza kuwa vingine, jina la mtu wa nchi likikaa juu ya kazi kama la mtendaji. Ikiwa ustadi hupatikana penye kazi, basi wapo katika vijiji vya Mbulu na Hanang mafundi wengi wasio na cheti. Chuo kinachotaka kweli kuwalea wachunguzi kingeanza kwa kuwahesabu hao, kuwaandikisha walio na haja ya kusoma, na kuwapa walimu wengine nafasi ya kufundisha.